Kimanzi Aliyelala Ubavu

Kitui mjini,
Alhamisi, kabla kuku hawajaingia

Mwende mwanangu,

Kama kuna mtu katika Kitui hii yote aliyezaliwa na bahati ya mashine, ni baba yako. Sisemi kwa majivuno, nasema kwa sababu watu wameona. Redio ya yule mwalimu wa Kyuso ilikuwa imenyamaza tangu Krismasi, mafundi wawili wameshindwa, mimi nikaipiga kofi moja tu ubavuni ikaanza kusoma habari katikati, kama mtu aliyekatizwa. Kamera yangu imeanguka kutoka juu ya lori, imekanyagwa na punda, imezikwa kwenye mchanga wa mto, na bado inapiga picha mpaka leo. Mashine ikiniona inajua mwenyewe amefika. Kwa hivyo nenda Nakuru na roho nyeupe. Hapa nyuma hakuna kitakacholala ubavu.

Nakuandikia mapema hivi, jua likiwa bado kwenye mlango wa studio, kwa sababu barua za usiku zina tabia ya kuliza watu na mimi sina mpango wa kulia juu ya karatasi nzuri kama hii.

Mambo ya blanketi na sabuni mama yako ameshakueleza, pamoja na orodha ya watu wa kusalimia na watu wa kuwapita tu. Pasta naye alikuombea Jumapili mpaka watoto wa mbele wakalala. Kilichobaki kwangu ni kitu ambacho wote wawili hawana cha kutosha, yaani makosa. Hayo ninayo mengi na yameiva.

Unajua shule niliachia darasa la tano. Watu wa mjini nimewaambia la saba, na kwa wale wasionijua vizuri nimeongeza mwaka mmoja wa sekondari. Lakini dunia nimeiona. Nimekaa Mombasa, nimekaa Kisumu, nimefika Kampala siku mbili nzima. Picha nilifundishwa Mombasa na mzee mmoja mkali, wiki tatu, halafu akanifukuza kabla hatujafika somo la kugeuza kamera. Nikarudi nyumbani nikiwa fundi wa kila kitu kilicholala.

Harusi yangu ya kwanza kama mpiga picha ilikuwa Kyuso. Bwana harusi alikuwa mrefu kama mti wa simu, na bibi harusi hakuwa nyuma. Hawakuingia kwenye kioo. Nikaigeuza kamera ubavu nikawapata wote, kuanzia maua mpaka viatu. Sasa kwenye kubandika ndipo nilipoharibu. Zile kadi za maua nilizonunua zilikuwa za picha pana, na mimi nikabandika kwa gundi vile kadi ilivyotaka. Nilipoipeleka, mama wa bwana harusi aliifungua. Maua yamesimama, jina la studio limesimama, maharusi wamelala ubavu, macho wazi.

Ningesema nimekosea. Gundi ya siku hizo ilikuwa inatoka kwa maji ya moto, kazi ya dakika kumi. Lakini mdomo wangu ulifika kabla yangu. Nikawaambia huo ndio mtindo mpya wa Nairobi, kwamba picha ya harusi inatazamwa mkiwa mmelala kitandani, ndiyo maana mnaiona sawa mkilala. Wakacheka, wakaipenda. Mwezi uliofuata watu wengine wawili wakataka ya mtindo huo. Mwende, mpaka leo kuna nyumba tatu Kyuso ambako maharusi wako ukutani wamelala, watoto wao wamekua wakiwatazama hivyo, na mimi ndiye niliyewalaza. Nikipita huko nachukua njia ya nyuma.

Hilo ni la zamani. Sasa nije kwa letu, lile ambalo wewe na mimi hatujawahi kulitaja.

Mjomba wako Kimanzi aliondoka kwenda Kanada wewe ukiwa bado tumboni. Alituma barua, alituma makoti ambayo hakuna baridi ya kuyavalia Tseikuru, lakini sura yake hakutuma. Na Susu, mama ya mama yako, akawa anazeeka akingojea. Jicho la kushoto lilifunga duka zamani. La kulia, daktari alisema hata hilo linaaga pole pole, na tangu mwaka jana linafunguka asubuhi tu. Adhuhuri ikifika anaona vivuli. Alichokuwa anaomba ni kimoja, amwone mtoto wake wa kiume kabla giza halijaingia lote.

Ndipo Kimanzi akaandika kwamba huko kuna njia ya kutuma picha kwa imeli, na kama kuna kompyuta Kitui inayoshika laini ya simu, ataituma kesho yake. Kompyuta ilikuwepo, ya Bi Zuhura, kwenye lile duka lake la kuchapa barua mlango wa tatu kutoka studio. Wewe ulikuwa umeanza kazi kwake ya kupiga chapa. Mimi nilikuwa naenda tu kuisifu mashine na kunywa kahawa yake ya tangawizi.

Utakumbuka siku ilipoingia. Simu ililia kama paka aliyekanyagwa mkia, tukangoja, picha ikaanza kushuka kidogo kidogo. Kwanza weupe mtupu. Halafu bega. Halafu sikio, na sikio lilikuwa mahali ambapo kichwa kingekuwa. Ilipomaliza, mjomba wako alikuwa amelala ubavu katikati ya weupe, amevaa kofia na koti refu, mikono imenyooka, anatabasamu. Alikuwa amesimama kwenye theluji, maskini, ila alipoilaza ile picha kwenye skana aliilaza vile mtu analaza shati la kupiga pasi.

Sote tukapinda shingo. Bi Zuhura, wewe, mimi, na yule mama aliyekuja kuchapa barua ya shule, sote wanne vichwa begani kama kuku wanaotazama mwewe. Kuchapisha tugeuze karatasi hatukuweza. Printa ya Bi Zuhura ni ya barua, uso ulitoka kama ugali uliomwagiwa pilipili manga. Ile taa ya kioo ndiyo jicho la Susu lingeweza kuishika, na kwenye kioo mtu alikuwa amelala.

Nikasema niachieni mimi. Nikakunja mikono ya shati, nikalikumbatia lile sanduku la skrini, nikalilaza ubavu mezani. Kimanzi akasimama. Nikasimama na mimi, kifua mbele, nikingoja kusifiwa. Kumbe vile vitu havipendi kulazwa. Rangi zikaanza kuhama, kona moja ikawa zambarau, na uso wa mjomba wako ukawa kijani kama ndengu mbichi. Bi Zuhura akaweka kikombe chini.

"Mutua," akasema, "mbona wailaza ubavu, wataka kuichinja? Basi ngoja tukuonyeshe kibla kwanza."

Nikairudisha. Nikamwambia nilikuwa naipumzisha. Wewe hukucheka, ulijifanya unatafuta kalamu chini ya meza, na ulikaa huko chini muda mrefu sana kwa kalamu moja.

Susu hakungoja tumalize. Habari zilishamfikia kwamba uso wa mwanawe uko Kitui, akapanda basi la alfajiri kutoka Tseikuru ili afike jicho likiwa bado wazi. Na hapo ndipo nthoni ilipoingia. Wewe umekulia mjini, unaiona kama mambo ya kale, lakini Susu ni wa wale ambao mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja wakatazamana. Miaka yote niliyomwoa mama yako sijawahi kuuona uso wa Susu sawasawa, namjua kwa kanga na kwa kikohozi. Kwa hivyo alipoingia kwa mlango wa mbele, mimi nilitoka kwa wa nyuma, nikasimama nyuma ya lile pazia la stoo. Fundi mkuu wa mashine Kitui nzima, nimejificha na maboksi ya karatasi. Chini ya pazia naona miguu tu: viatu vya raba vya Susu, ndara za Bi Zuhura, na miguu yako.

Ukamkalisha. Shingo yake, iliyobeba kuni kwa kamba ya paji la uso tangu msichana, haipindi kama zetu. Alitazama mbele tu. 

"Amelazwa hospitali gani?" akauliza.

Nikasema kutoka nyuma ya pazia kwamba si mgonjwa, mama, amesimama. Nikasikia anavuta pumzi.

"Mkwe wangu, mimi nina jicho moja, lakini mtu aliyelala namjua. Na shuka nyeupe naziona." Halafu akasema taratibu, si kwa ukali, "Kama mmeniita nimuage, semeni tu."

Mwende, mimi nimeangushwa na lori, sijaumia kama siku hiyo. Mwanamke yule amekuja na jicho lake la mwisho na tunamwonyesha mtoto wake kama maiti. Nikaanza kupiga kelele. Nikakuambia uchomoe waya. Nikakuambia ubonyeze kile kikubwa. Nikakuambia uilaze tena ubavu, Bi Zuhura akasema akiona mkono wangu nje ya pazia ataukata. Nikakuambia mambo saba na yote yalikuwa upuuzi, na wewe hukufuata hata moja. Nikasikia tu kile kidude cha mkononi kikilia tik, tik, kama mtu anayechagua dengu.

"Sasa ameanguka kichwa," akasema Susu.

Tik.

"Amegeukia ukuta."

Tik. Nikaona viatu vya raba vinarudi nyuma kidogo, halafu vinasogea mbele mpaka vikagusa mguu wa meza.

"Amesimama," akasema. Na baada ya muda, "Meno ya baba yake. Na mpaka leo hajui kufunga kifungo cha juu."

Akacheka. Sijawahi kumsikia Susu akicheka, ni kicheko kikubwa kuliko mwenyewe. Alikaa na mwanawe asubuhi nzima, akimsimulia habari za mbuzi na za shamba, mkono kwenye kioo, mpaka jicho likachoka. Na alipoinuka kwenda kwenye basi akageukia pazia, akasema mkwe wake ana mkono wa baraka, kwamba alijua siku aliyopokea mbuzi wangu kwamba hakupokea mtu bure.

Pale palihitajika neno moja, na ni jina lako. Mimi nikasema, "Asante, mama."

Niliona miguu yako ikigeuka kuelekea pazia. Ikasimama. Halafu ikarudi ilikotoka. Hiyo miguu naiona mpaka leo kuliko ninavyoiona hii karatasi.

Basi mdomo wangu ukatoka hapo ukaingia mjini. Kufikia jioni nilikuwa nimemsimamisha Kimanzi kwa mikono yangu miwili mbele ya Wakristo na Waislamu sawasawa. Kesho yake nikawaleta wazee wa kanisa waone kazi. Nikaifungua picha kama nilivyoona inafunguliwa, na Kimanzi akaja, amelala. Nikawaambia Kanada sasa ni usiku. Wakakubali, wazee wa kanisa ni watu wazuri. Mchana ukaja wewe, ukaisimamisha tena, ukaniambia kwa sauti ya chini ili Bi Zuhura asisikie, "Baba, ukishaigeuza lazima uiweke. La sivyo umegeuza kioo tu, yenyewe iko vile ilivyokuwa." Nikakuambia najua, nilikuwa nakupima.

Sasa hapo ndipo uongo wangu ulipoanza kukutafuta wewe. Barua ya chuo cha Nakuru ilipofika, tukaita watu wa nyumbani, na baba yako mkubwa Nzioka akaiweka wazi. Akasema haoni sababu. Kama Mutua anaijua kompyuta mpaka anasimamisha watu waliolala Kanada, mtoto anaenda Nakuru kufundishwa nini? Afundishwe na baba yake hapa hapa, ale chakula cha mama yake. Watu wakaitikia kwa kichwa, kwa sababu ni maneno yenye akili ukiamini kile nilichowaambia. Mama yako akanitazama. Wewe hukunitazama, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mimi nikakohoa.

Nilikohoa siku tatu. Siku ya tatu nilipita mlango wa chumba chako nikaona umetoa viatu kwenye begi umevirudisha chini ya kitanda, vimepangwa vizuri, kama vya mtu asiyeenda mahali. Hukuwa umelalamika kwa mtu yeyote. Ningekuwa baba wa maana ningekwenda kwa Nzioka nikamwambia ukweli. Nilikwenda kwa Nzioka nikamwambia nimeshakufundisha yote niliyo nayo, nimeishiwa, kwa hivyo unaenda kunitafutia mapya. Akasema hapo sasa nimeeleweka. Ndivyo ulivyopata ruhusa. Unaondoka kesho juu ya uongo uliobebwa na uongo mwingine, na wote ni wangu.

Sitakuambia usidanganye, nikikuambia hivyo hata kuku hawa watacheka. Nakuambia nilichoona tu. Uongo wa kukimbia kiboko unaisha kiboko kikipita. Huu wa kusifiwa hauishi, kila siku unataka ulishwe, na siku moja unakula viatu vya mtoto wako.

Na lingine, hili ulishike hata ukisahau yale yote. Siku ile ulinyamaza kwa heshima. Ulimstahi baba, ukamstahi Susu, ukaistahi na nthoni. Ulifanya vizuri na mimi nilinenepa kwa heshima yako. Lakini huko uendako, mtu akisifiwa kwa kazi ya mkono wako, sema jina lako. Si lazima upige kelele. Sema tu, ni mimi Mwende. Hata kama ni mzee. Hata kama amesimama nyuma ya pazia na unajua ataona aibu. Aibu haiui, mimi nimeijaribu wiki hii na bado nakula vizuri.

Utauliza kwa nini wiki hii. Jumanne, wewe ukiwa umeshaaga kazi, Bi Zuhura alinipigia mluzi kutoka mlangoni kwake. Kimanzi ametuma nyingine. Amepata mtoto wa kike, mwishowe, uzee huu, na amempa jina la mama yake, Syombua. Amembeba mbele ya nyumba, theluji tena. Susu ameshapata habari na anakuja Jumamosi na basi la alfajiri kumwona wa jina lake, na ametuma neno kwamba anajua Mwende hatakuwepo lakini hana wasiwasi, mkwe wake yupo. Mimi nikajibu kwamba nipo. Sikutaka wewe usikie, maana nakujua, ungesema utangoja wiki ijayo, na chuo hakingoji mtu.

Na huyu mtoto amelala ubavu pamoja na baba yake.

Jana Bi Zuhura alipokwenda kuswali adhuhuri nikakaa pale peke yangu. Nikabonyeza. Picha ikawa ndogo kama stempu. Nikabonyeza kwingine ikawa nne. Nikabonyeza tena ikaenda kabisa, nikatokwa na jasho mpaka kwenye soksi, halafu ikarudi yenyewe, imelala vile vile, mtoto kafumba macho. Bi Zuhura hajui, yeye anajua kupokea na kufuta tu. Nikakaa nimepinda shingo mpaka aliporudi, akanikuta hivyo, na safari hii hata yeye hakufanya mzaha. Aliniletea kahawa.

Jumamosi nitasimama nyuma ya pazia kama kawaida, na kabla Susu hajakaa nitamwambia ni nani aliyemsimamisha Kimanzi. Nzioka nitamwambia Jumapili, baada ya ibada, akiwa ameshiba. Hiyo ni kazi yangu na nitaiweka, sitageuza kioo tu. Wewe usirudi, usingoje, usipunguze hata dakika. Lakini nyuma ya karatasi hii nimeacha nafasi. Kesho duka la Bi Zuhura litakuwa bado limefungwa, kwa hivyo kabla ya kupanda basi niandikie ni wapi pa kubonyeza kwanza, halafu wapi, halafu ule mwisho wa kuiweka ibaki imesimama. Andika kwa herufi kubwa. Nitampa Bi Zuhura anisomee, na kidole kitakuwa changu kutoka nyuma ya pazia, au chake, hata sijali tena.

Ile redio ya Kyuso ilikuwa imechomoka waya, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyeurudisha nikiwa nimeinua mkono. Kamera iliyokanyagwa na punda ilikufa palepale, hii ni nyingine. Sina bahati ya mashine, Mwende. Sijawahi kuwa nayo hata siku moja.

Baba yako,
Mutua wa picha